Tuulizane: Hii Laga ni Safi au Haina Ladha Tu?

Safari hii maswali mengi yamegeukia kitu kimoja, laga ya rangi ya dhahabu, bia hizi zinazopikwa kwa mikono na viwanda vidogo au na watu wenyewe jikoni kwao. Nimechagua machache, mengine nimeyakata maana yalikuwa marefu kuliko majibu yangu, mnisamehe.

SWALI: Habari za kazi mkuu. Mimi ni mnywaji wa kawaida tu. Juzi rafiki yangu kanikaribisha laga aliyopika mwenyewe, kaitunza kwenye baridi karibu miezi miwili, anaisifia hadi basi. Nikanywa nikaona mbona ni bia tu? Nikamwambia iko poa. Akanuna, akasema mimi sijui kuonja. Hivi kuonja bia kuna ujuzi gani zaidi ya kunywa? Nielekeze nikienda tena nisiaibike.

JIBU: Pole ndugu yangu, alafu ngoja nikutetee kidogo, manake kwa laga ya dhahabu "mbona ni bia tu" wala sio tusi kubwa kama rafiki yako anavyolichukulia. Laga ikiharibika utaijua funda la kwanza, ikiwa nzuri inapita kimya kimya na mtu ambaye hajazoea anadhani haina kitu. Chukua bia nyeusi, ile ina kimea (shayiri iliyooteshwa ikakaushwa) kilichokaangwa hadi kikaungua, ukikosea mahali kosa linajificha humo humo. Bia zenye hopsi (maua yanayotia bia uchungu) za kumwaga nazo hivyo hivyo. Laga haina pa kujificha, ni kimea cheupe, hopsi kiasi, hamira isiyokuwa na kelele na maji mengi, basi, kitu chochote kikivuja unakiona. Ndio maana wapishi wengi wa bia wanaiogopa laga kuliko bia nyingine yoyote.

Sasa kuonja. Anza na glasi, na hapa siongei kwa kubahatisha, nishawahi kuiponda bia ya mtu mbele za watu, nikasema haina povu na ina kaharufu ka sabuni, kumbe glasi nliiosha mwenyewe asubuhi kwa haraka nikaisuuza nusunusu. Aibu ile sijaisahau. Glasi ikiwa na mafuta au sabuni utaona vipovu vimeng'ang'ania ubavuni kwa ndani, glasi safi haina vipovu vya pembeni, vinapanda tu kutoka chini. Bia yenyewe iwe kwenye nyuzi 5 hadi 8 hivi, isiwe baridi ya kuumiza meno. Mimina kwa ujasiri kidogo ili povu lipande vidole viwili, usiilaze glasi mpaka mwisho kama unaogopa.

Ukishamimina tu, nusa. Usisubiri, maana harufu nyingine za laga zinakimbia ndani ya dakika moja au mbili, hasa ile ya kiberiti kama mtu kawasha njiti chumba cha pili. Hiyo ikiwa kwa mbali usiogope, hamira ya laga inaitoa yenyewe. Ukipata mayai viza hadi unarudisha kichwa nyuma, hapo kuna tatizo. Nusa mara fupi fupi mbili tatu kisha pumzisha pua, ukivuta kwa nguvu mfululizo pua inazoea na huskii tena kitu.

Ndio uangalie sasa. Rangi kuanzia majani makavu hadi dhahabu iliyokolea, povu jeupe, na uone linakaa au linakufa kama la soda. Ila usitumie muda mwingi hapa, macho yanadanganya sana, bia ikiwa inang'aa mtu anaanza kuipenda kabla hajaionja.

Kisha kunywa funda la kutosha kuzungusha mdomoni, na umeze. Bia haitemwi kama wanavyofanya wa mvinyo, uchungu wa hopsi unakuja kwa kuchelewa na unausoma vizuri baada ya kumeza. Unatafuta kimea kwanza, mkate mweupe, ganda la mkate, pengine asali kwa mbali sana. Alafu hopsi, kwenye laga za mtindo wa zamani utapata maua, majani, au kitu kama viungo vikavu. Alafu jiulize hivi viwili vinaelewana au kimoja kinamkalia mwenzake. Alafu mwisho wake, ukishameza mdomo unabaki mkavu na msafi unataka funda lingine, au kuna utamu umeganda kwenye ulimi kama sharubati? Mimi hili la mwisho ndio nalipa uzito kuliko yote. Laga inayochosha kwenye nusu glasi ina tatizo hata kama siwezi kulitaja jina.

Kuna ujanja mmoja ambao wengi hawaufanyi. Acha theluthi ya glasi, kaa nayo dakika 20, onja tena ikiwa imepoteza ule ubaridi. Baridi inaficha mambo. Mapungufu yote yaliyokuwa yamelala yanaamka hapo, na kama laga bado inanyweka kwenye nyuzi 12, mpigie simu rafiki yako umwombe radhi.

Ukienda tena mwambie hivi vitatu tu, nimesikia nini puani, imeishaje mdomoni, na ningekunywa ya pili au hapana. Atafurahi kuliko "iko poa".

SWALI: Dada, laga nliyokunywa kwa mpishi mmoja ilikuwa na harufu ya siagi kabisa, kama bisi za sinema. Nlipomwambia akaniambia eti hiyo ndio staili ya Cheki, mimi sijatembea. Ananidanganya?

JIBU: Nusu kwa nusu mdogo wangu. Hiyo inaitwa diasetili. Hamira ikiwa kazini inatoa kitu ambacho kikishatoka nje ya chembe yake kinageuka kuwa diasetili, alafu karibu na mwisho hamira hiyo hiyo inairudia na kuila yote. Shida inakuja mpishi akiwa na haraka. Akiona gesi imepungua anashusha baridi, au anaitoa bia kwenye hamira, na siagi inabaki haina wa kuila. Dawa yake ni ya zamani na haigharimu kitu, uchachushaji ukikaribia kuisha unaacha joto lipande hadi nyuzi 16 au 18 kwa siku mbili tatu, hamira inachangamka inasafisha nyumba, ndio unapeleka kwenye baridi.

Kwa habari ya Cheki hajakosea kabisa, laga za kule zinaruhusiwa kuwa na diasetili kidogo, inaipa mwili na utelezi fulani kwenye ulimi. Ila kidogo maana yake uitafute, isikufate mlangoni. Bisi za sinema hapana! Na huo mgongo wa "ni staili" wapishi wanaupanda sana, nikisikia mtu anaitaja staili kabla sijamaliza sentensi huwa najua naye alishaisikia hiyo siagi.

Mpe kipimo hiki kwa upole. Kabla hajashusha baridi achukue vikombe viwili vya bia, kimoja akifunike akiweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa nusu saa, kingine akiache. Akipoze kile cha moto, alafu anuse vyote viwili. Kama kile kilichopashwa kina siagi, bia haijawa tayari, asubiri. Kama hakuna, aendelee. Tena kuna watu pua zao haziioni diasetili kabisa, sio uzembe ni maumbile, kwahiyo amwite mtu mwingine anuse naye. Pengine kweli haisikii.

Kama uliinywa ya bomba, na siagi ilikuja na uchachu, basi hata mpishi unaweza kumwachia, mara nyingi ni bakteria kwenye mirija isiyosafishwa.

SWALI: Kwa nini bia yangu ya chupa ya kijani inanuka kicheche? Nliiacha dirishani siku moja tu.

JIBU: Siku moja ni nyingi. Mwanga ukipiga bia unavunja vile vitu vichungu vya hopsi, vinaungana na salfa na kutengeneza harufu ambayo pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe kiduchu. Juani inachukua dakika chache tu kwenye glasi. Chupa ya kahawia inazuia sana, ya kijani inasaidia kidogo mno, nyeupe haisaidii chochote. Kopo haliingizi mwanga. Na hili usimlaumu mpishi, umelifanya wewe.

SWALI: Shikamoo. Tuna kikundi chetu cha wapika bia wa nyumbani na safari hii nimechaguliwa niwe jaji wa upande wa laga. Sijawahi. Nimesikia kuna alama 50, zinagawanywaje? Na naogopa kumpa mtu alama mbaya wakati tunajuana wote.

JIBU: Marahaba. Alama 50 zinazotumika sana ni za BJCP, mpango wa Marekani wa kuwatahini majaji wa bia ulioanza 1985. Harufu 12, muonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na jumla ya ulivyoiona 10. Ona muonekano ulivyopewa kidogo, sio bahati mbaya ile. Bia ikipata 45 kwenda juu ni ya kushangaza, 38 hadi 44 ni bora sana, 30 hadi 37 ni nzuri sana, 21 hadi 29 ni nzuri yenye mapungufu, chini ya hapo kuna tatizo la kueleweka, na kwa heshima majaji hawashuki chini ya 13 hata bia iwe imeoza.

Kabla ya alama lakini jua unahukumu nini, na hapa ndipo majaji wapya wanapoharibu. Laga ya dhahabu sio kitu kimoja. Pilsna ilizaliwa Plzeň, Bohemia, ambayo leo ni Cheki, mwaka 1842, baada ya wenye mji kuchoka na bia mbovu hadi 1838 wakamwaga mapipa 36 hadharani, wakajenga kiwanda kipya na kumleta mpishi wa Bavaria, Josef Groll. Akakutana na maji laini yasiyo na madini mengi, shayiri ya kule, hopsi za Saaz, na kimea kilichokaushwa taratibu bila kuungua, ikatoka bia ya dhahabu wakati wengi wanakunywa za kahawia. Mtindo huo wa Cheki hadi leo una mwili, kimea kinaonekana, na uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 30 hadi 45 ila uliolainika, haukwaruzi. Wajerumani wakaichukua wakaifanya kavu zaidi na nyembamba, uchungu unabaki mdomoni muda mrefu. Munich wao wakachelewa, kiwanda cha Spaten kikatoa helles, laga yao ya dhahabu, mwaka 1894, na ile imeegemea kwenye kimea, uchungu IBU 16 hadi 22 tu, ni wa kuushikilia utamu usianguke.

Sasa jaji anakaa, anaonjeshwa helles nzuri kabisa, anaandika "hopsi hazitoshi", anakata alama sita. Huyo kahukumu bia nyingine ambayo haikuwa mezani! Mwingine anapewa pilsna kavu ya Kijerumani anaandika "kali sana, mimi napenda laini". Unachokipenda hakijaulizwa. Soma maelezo ya mtindo kabla ya kila glasi, hata kama unayajua kwa moyo, mimi mpaka leo nasoma.

Mambo ya mezani haraka haraka: usipake manukato siku hiyo wala losheni yenye harufu, usinywe kahawa kabla, kila bia mimina kidogo tu, robo glasi inatosha na iliyobaki unamwaga bila huruma maana ya kumi nayo inakusubiri na mwenyewe anataka jaji mwenye akili zake. Maji na mkate mkavu katikati. Anza na nyepesi malizia na chungu. Na muhimu kuliko yote haya, mkiwa majaji wawili msiongee mpaka kila mtu ameandika, mmoja akisema tu "mmh siagi" meza nzima inaanza kuisikia siagi hata kama haipo.

Kuhusu kujuana, funikeni majina, glasi ziwe na namba. Alafu andika kwa mpangilio wa kusaidia, nimesikia nini, kwa kiasi gani, pengine kimetokana na nini, ajaribu nini. "Mbaya" haimsaidii mtu. "Tufaa bichi la kijani kwenye harufu, kiasi cha wastani, pengine bia imetolewa mapema, iache wiki mbili zaidi kwenye hamira" hata ukimpa 24 atakushukuru. Tufaa bichi hilo ni asetaldehaidi, kitu ambacho hamira inakipitia njiani kuelekea kwenye kilevi, ukikikuta kwenye laga ujue mara nyingi ni utoto wa bia. Karatasi au boksi lililolowa, hiyo ni hewa iliingia wakati wa kuijaza kwenye chupa, au bia imezeeka mahali pa joto. Plasta ya kidonda au dawa ya hospitali, angalia klorini kwenye maji au kwenye sabuni ya kuoshea vyombo. Ndizi, ilichachuka kwenye joto.

SWALI: Mimi napika kwa sufuria nyumbani. Laga zangu zote zinanukia mahindi ya kuchemsha, wakati situmii mahindi hata punje! Nachemsha dakika 45 na mfuniko juu ili gesi isiishe.

JIBU: Umejijibu mwenyewe ndugu, mfuniko huo. Kimea cha pilsna kinakaushwa kwa joto dogo ili kibaki cheupe, kwahiyo ndani yake kunabaki kitu ambacho kikichemshwa kinageuka DMS, ndio hayo mahindi yako, kikizidi kinakuwa kabichi. DMS yenyewe inachemka kwenye nyuzi 37 tu, kwahiyo iko tayari kuondoka na mvuke muda wote, wewe unaifungia mlango, inagonga mfuniko inadondoka tena ndani kama matone. Fungua sufuria, chemsha kwa nguvu dakika 90, na ukizima poza haraka, manake ikikaa ya moto bila kuchemka inaendelea kutengeneza mahindi mengine na hakuna mvuke wa kuyatoa. Gesi itaisha, ndio.

SWALI: Laga yangu inakuwa na ukungu ikitoka friji, ikikaa mezani inang'aa. Imeharibika?

JIBU: Hapana, ni protini za kimea zimeshikana na vitu vya ganda la shayiri na hopsi kwenye baridi, joto likipanda zinaachiana. Wiki nyingine kadhaa karibu na nyuzi sifuri zitaziangusha chini. Kama ukungu hauondoki hata ikipata joto, hapo inaweza kuwa hamira bado inaelea, onja, ukisikia mkate mbichi ndio yenyewe. Kuna laga zinauzwa na ukungu wake makusudi, kellerbier za Ujerumani, kwahiyo kwa jaji ukungu ni kosa kwenye mtindo mmoja na kwenye mwingine ni sura yake.

SWALI: Kaniambia mtu laga ni hamira tu, eti nikiwa na hamira ya laga naweza kuichachusha kwenye joto la kawaida la nyumba na nikanywa wiki ya pili. Kweli?

JIBU: Utakunywa, ila sijui utakunywa nini. Hamira ya laga ni chotara, nusu yake ni ndugu wa hamira ya mkate na ya ale (bia zinazochachushwa kwenye joto), nusu nyingine ni jamii inayopenda baridi ambayo wanasayansi walikuja kuitambua mwaka 2011 kwenye misitu ya Patagonia. Ule upande wa baridi ndio unaoiwezesha kufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13, polepole, bila kutupa matunda matunda kwenye bia. Ukiipa joto inakimbia, na ikikimbia inaacha ndizi na pea njiani. Kuna aina zinazovumilia joto kuliko nyingine na wapo wanaopata bia safi hivyo, siwabishii, ila wengi wao wana vifaa vya kubana gesi ndani ya tangi na wana hamira nyingi ya kutosha, hawaanzi na pakiti moja kwenye ndoo.

Na jina lenyewe linakwambia, lager kwa Kijerumani ni mambo ya kuweka ghalani. Wiki nne, sita, nane kwenye baridi, salfa inatoka, uchafu unazama, uchungu unapoteza makali. Zamani walikuwa wanabahatisha tu, hamira nzuri na mbaya zimechanganyika kwenye pipa moja, mpaka Emil Christian Hansen wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, alipofanikiwa mwaka 1883 kuotesha hamira safi kutoka chembe moja. Wewe leo unainunua ikiwa safi tayari, sasa hata subira nayo ikushinde?

SWALI: La haraka mkuu, glasi niiweke friza kabla ya kumimina?

JIBU: Iache. Ikitoka huko inashika barafu ndani, barafu inayeyuka kwenye bia, povu linafumuka ovyo na ulimi unakufa ganzi, utakuwa umeonja baridi tu. Suuza glasi kwa maji ya kawaida, ikung'ute, mimina ikiwa bado ina unyevu.